Taimi na Bunduki ya Sita na Nusu

Taimi Piirainen alitia mkono ndani ya bega la hirvi, na bega likaupokea mkono kama uji. Hakukuwa na nyama ya kushikika mle. Kulikuwa na rojo jekundu lililochanganyika na vipande vya mfupa, na manyoya yaliyosukumwa ndani na risasi, na damu iliyovilia ikawa nyeusi kama maini yaliyolala. Akautoa mkono, akaukung'uta juu ya ndoo, akavitazama vidole vyake kama mtu aliyekanyaga kinyesi sebuleni kwake.

"Kalervo tena," alisema.

"Kalervo," akajibu shemeji yake Ensio, aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakutaka kuingia. Ensio alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Taimi na ndiye aliyeliongoza kundi la wawindaji la kijiji cha Hukkavaara, na tangu asubuhi alikuwa akijua kwamba atasemwa.

Hirvi ni wa ukoo wa kulungu, ila anayemjua kulungu asidhani anamjua hirvi. Ni mrefu kuliko farasi, na dume lake likianguka hulazimu kuvutwa kwa trekta. Kila mwezi wa kumi, watu kumi na watatu wa Hukkavaara waliingia msituni kumsaka, na kila aliyepatikana aliletwa kwa Taimi. Alikuwa amefanya kazi machinjioni mjini miaka ishirini, hadi machinjio yalipofungwa. Siku hiyohiyo Ensio alimletea ufunguo wa banda la kundi, lenye sakafu ya saruji, winchi, kulabu sita na bomba la maji baridi. Tangu hapo hakuna hirvi wa Hukkavaara aliyeliwa bila kupita mikononi mwake.

Alikuwa hajawahi kufyatua risasi hata moja. Lakini bunduki za wenzake alizijua kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake. Kila moja iliitwa kwa kipimo cha risasi yake. Ile tatu-sifuri-nane ya Ensio ilipita katikati ya mbavu ikaacha tundu la kuingia kidole gumba. Ile tisa-tatu ya mzee Oiva mwenye mbwa ilirusha risasi nene, nzito, ya mwendo wa kiungwana, iliyotoboa bila kuparaganya. Lakini hii tatu-tatu-nane aliyoinunua Kalervo, yenye ganda refu kama kidole cha kati na baruti ya kuangusha nyumba, haikuwa na tundu la kuingilia wala la kutokea. Ilikuwa na shimo. Ilipogonga mfupa wa bega, mfupa wenyewe uligeuka risasi nyingine mia, na kila kipande kikachimba njia yake.

Kalervo alikuja baadaye kidogo kumtazama mnyama wake. Alikuwa mtu wa mji wa Oulu, muuzaji wa vifaa vya kuzuia baridi kwenye nyumba, aliyenunua nyumba ya mapumziko na msitu kando ya ziwa, na kwa sababu ya msitu huo akaingizwa kundini. Mkononi alishika soseji iliyochomwa motoni.

"Umeona, Taimi? Kaanguka palepale. Hata hatua moja hakupiga."

"Nimeona. Na bega nalo limeanguka palepale."

"Si lipo lingine?"

"Lingine ndipo risasi ilipotokea, Kalervo. Njoo ulione."

Kalervo akasogea. Alilamba haradali kwenye kidole gumba, kisha kwa kidole hichohicho akabonyeza pembeni mwa jeraha, kama mtu anayepima kama mkate umeiva. "Nguvu hizo," alisema kwa upole, karibu kwa mapenzi. Halafu akarudi kwenye soseji yake.

Miaka ishirini machinjioni Taimi hakuwahi kutapika, na siku hiyo hakutapika, lakini alilazimika kusimama chini ya bomba na kujimwagia maji baridi usoni. Alipomaliza kukata alipima kile kilichofaa kutupiwa mbweha. Kilikuwa kilo kumi na tisa. Mnyama mkubwa amekufa, watu wameacha kazi zao, mbwa amekimbia hadi ulimi ukafika magotini, na kilo kumi na tisa za nyama yake hazifai hata supu.

Msimu ulipokwisha, kundi lilikutana kwenye kibanda chao cha magogo kando ya banda. Ensio alisimama, akashika masharubu yake. Alisema kwamba mwaka uliotangulia hirvi wawili walijeruhiwa wakakimbilia eneo la kundi jirani, na aibu yake bado anaisikia. Kwa hiyo ameona kila mmoja atafute bunduki yenye risasi kubwa zaidi. Kalervo atasaidia kuchagua.

"Kuchagua nini tena? Nimeshawachagulia," alisema Kalervo. "Tatu-tatu-nane, basi. Hirvi si sungura. Unampiga popote, anakaa."

Watu walitikisa vichwa kukubali, baadhi kwa kuamini na baadhi kwa uchovu. Taimi alikuwa mlangoni na aproni yake ya plastiki, amekuja kuchukua ufunguo wa friji.

"Unampiga popote," aliyarudia maneno hayo polepole. "Hayo ndiyo mnayoyaleta kule kwangu. Popote."

"Sasa, shemeji," alisema Ensio.

"Sasa nini? Mwaka kesho naingia kwenye mstari wa wapigaji risasi. Na mimi nipewe kituo changu."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha ubaya sana, na labda ndiyo maana kilimchoma. Mmoja aliuliza kama atachagua bunduki inayolingana na mapazia yake. Kalervo alisema kuna ndogo nzuri, nyepesi, ya akina mama, haipigi teke begani. Mzee Oiva peke yake hakucheka. Alikuwa akimtoa mbwa wake kupe sikioni.

Taimi aliufanya mtihani wa wawindaji majira ya baridi. Mwezi wa tatu alikwenda dukani mjini. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye suruali iliyojaa mifuko, alimpangia bunduki tano mezani, akamweleza kasi ya kila risasi, na nguvu yake kwenye mita mia, na jinsi inavyoshuka kwenye mita mia tatu.

"Na bega linabaki vipi?" aliuliza Taimi.

"Bega lako? Kwa hii utahitaji mto kidogo."

"La hirvi."

Muuzaji alimtazama. Miaka yote hiyo ya kuuza, alisema, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akajaribu kujibu, akarudi kwenye kasi na nguvu, na Taimi akaona kwamba mtu huyu anaijua risasi hadi inapogusa ngozi, na baada ya hapo hajui kitu. Akamshukuru, akatoka mikono mitupu.

Bunduki aliipata kwa Oiva. Ilikuwa sita na nusu, ya zamani, kitako kimechakaa hadi kung'aa, aina ambayo babu zao waliiwindia kabla watu hawajaanza kuzungumza habari za nguvu. Risasi yake ni nyembamba na ndefu kama penseli, gramu kumi, na sheria inairuhusu kwa hirvi. Taimi aliijua. Kwa miaka mingi Oiva aliiwindia hiyo kabla ya kununua tisa-tatu, na nyama yake ilifika bandani safi kama ya ng'ombe wa machinjioni.

"Kwa nini uliiacha?" alimuuliza.

Oiva alifikiri. "Macho yamefifia. Hii haikupigi teke, na haipotezi nyama. Lakini ukikosea haikusaidii. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa bado. Ila chukua."

Majira yote ya joto alikwenda uwanja wa kulengea shabaha mara mbili kwa wiki, na mbu wakimla shingo. Mwezi wa nane kundi zima lilifanya jaribio linalotakiwa na sheria: risasi nne kwenye picha ya hirvi, umbali wa mita sabini na tano, zote ziingie ndani ya duara. Risasi nne za Taimi ziliingia mahali pa kufunikwa na kiganja. Kalervo alishindwa mara ya kwanza, akashindwa mara ya pili, ya tatu akapita kwa shida. Taimi alikuwa amesimama pembeni yake na aliona wazi: kabla bunduki haijalia, Kalervo alifumba macho. Aliliogopa teke lake. Mwanamume mzima amenunua bunduki anayoiogopa, na kila mwaka anafumba macho na kuiacha ifanye itakavyo ndani ya mwili wa mnyama, halafu mwanamke fulani bandani ndiye anayeokoteza.

Taimi alisikia kinyaa kilekile cha ile soseji. Lakini safari hii kilikuwa na utamu ndani yake, na huo ndio uliomharibu. Alianza kusema. Kwenye kahawa baada ya jaribio alisimulia alivyomuuliza muuzaji wa bunduki bega linabaki vipi, akasema kwamba hirvi wake yeye ataletwa bandani na mabega mawili mazima, na kilo za kutupa zitakuwa sifuri. Alilisema hilo tena dukani, na tena nje ya kanisa. Ensio alimwambia, "Shemeji, msitu una masikio," naye akajibu kwamba basi msitu usikilize vizuri, utajifunza. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na Taimi alikuwa ameyakamia tangu mwezi wa tatu.

Siku ya pili ya msimu alipewa kituo ukingoni mwa kinamasi. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Alikaa kwenye kigoda, fulana ya rangi ya chungwa juu ya koti, redio ya mawasiliano kifuani. Karibu saa nne asubuhi mbwa wa Oiva akaanza kubweka mbali, kubweka kwa mfululizo kwa mbwa aliyekwisha kumwona mnyama na kusimama naye. Kisha kubweka kukahama, kukasogea.

Hirvi alitoka kwenye misonobari bila sauti yoyote, kama kawaida yao. Alikuwa dume la miaka miwili hivi, akitembea taratibu, amegeuza masikio nyuma kumsikiliza mbwa. Mita sitini. Ubavu wote ulikuwa wazi.

Taimi alijua pa kupiga. Nyuma kidogo ya bega, chini, ndipo mapafu na moyo vilipo. Alikuwa amevitoa mahali hapo kwa mikono yake mara mamia. Lakini alipolileta bega kwenye darubini, hakuliona bega la hirvi huyu. Aliliona rojo la Kalervo. Aliona watu wamesimama mlangoni mwa banda wakingoja kuyakagua mabega yake mawili mazima. Akasogeza mkono nyuma upana wa kiganja, ili asiguse hata ncha ya nyama ile. Akafyatua, na wakati uleule hirvi akapiga hatua moja mbele.

Hakuanguka. Alijikunja mgongo kama mtu aliyeshikwa na msokoto wa tumbo, akasimama hivyo kitambo kidogo, kisha akaingia msituni kwa mwendo mzito, kichwa chini.

Taimi hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda hadi aliposimama mnyama. Damu ilikuwa kidogo sana, na juu ya nyasi nyeupe kulikuwa na matone ya majimaji ya kijani, majani yaliyotafunwa nusu. Alichukua kidogo kwenye kidole akanusa, ingawa harufu alikuwa ameshaipata akiwa wima.

Alibonyeza redio. "Nimempiga tumboni," alisema. Watu kumi na watatu walisikia.

Kisha Oiva akasema, "Tulia hapo. Tumwache saa nzima alale. Ukimfukuza sasa atakwenda hadi kesho."

Saa hiyo moja Taimi aliikaa yote kwenye kigoda chake. Baadaye alisema kwamba hakuna kitu alichowahi kukifanya machinjioni, wala kukiona, kilichokuwa kichafu kama kukaa pale kwenye nyasi nzuri, kahawa ya moto kwenye chupa, huku akijua kwamba mahali fulani ndani ya mita mia tano kiumbe kinaungua kutoka ndani kwa sababu yeye alitaka kusifiwa.

Mbwa alimpata kwenye kichaka kizito ng'ambo ya kijito. Aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Kalervo. Mlio wa tatu-tatu-nane ulisikika kijijini.

Taimi alipofika, Kalervo alikuwa amesimama mbali kidogo na mnyama, bunduki ameining'iniza begani. Taimi alingoja dhihaka. Alikuwa ameiandalia uso.

"Hutokea," alisema Kalervo, na akampigapiga mgongoni. "Hata kwangu imeshatokea."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Mkono ule mgongoni ulimpa kinyaa, kwa kuwa ulikuwa mkono wa mtu anayemkaribisha mwenzake nyumbani.

Bandani Ensio alivua koti, akakunja mikono ya shati. "Leo nitamfungua mimi, shemeji. Nenda kaoge."

"Niache."

"Taimi."

"Nimesema niache, Ensio. Ni wangu."

Walipomwinua kwa winchi na Taimi alipopitisha kisu, uvundo ulitoka kama mtu aliyekuwa akisubiri nyuma ya mlango. Risasi nyembamba ya sita na nusu ilikuwa imepasua tumbo kubwa, na katika saa ile ya kutembea na kulala, uji wa kijani ulikuwa umeenea kila mahali: chini ya mbavu, juu ya figo, juu ya sarara, ile nyama laini kuliko zote inayokaa ndani ya mgongo. Sarara zote mbili zilikuwa zimebadilika rangi, na zilinata. Alizikata, akazitia kwenye ndoo. Akakata kingo za mbavu. Akakata ngozi nyembamba za tumbo. Kisha akafika kwenye bega alilokuwa akilihurumia, na hapo ndipo risasi ya Kalervo ilipopita. Mkono wake ukazama katika rojo lilelile.

Alipima. Kilo thelathini na moja. Aliandika kwa chaki ubaoni, kwa tarakimu kubwa, na pembeni akaandika jina lake.

Nyama iligawanywa jioni kama ilivyogawanywa siku zote. Mafungu kumi na manne yalipangwa juu ya meza, mtu mmoja akageuka akatazama ukuta, mwingine akagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na yule wa ukutani akataja jina. Taimi aliomba apewe fungu baya kabisa, lile lenye vipande vilivyopona karibu na tumbo, bila kura. Ensio alikataa. Kura ni kura. Oiva akageuka ukutani, na fungu la nne lilipoguswa akasema, "La Taimi." Lilikuwa paja safi, zuri, lenye mafuta meupe. Fungu la kando ya tumbo lilimwangukia Oiva mwenyewe.

"Tubadilishane," Taimi alimwambia nje.

"Hapana."

"Oiva, itanuka hiyo."

"Mbwa wangu hana pua ya kuchagua," alisema mzee, akalitia fungu lake kwenye buti la gari.

Taimi alikwenda kwenye sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, akajisugua kwa sabuni ya lami ya misonobari hadi ngozi ikawa nyekundu, akatoka, akanusa mikono, akarudi tena ndani. Jumapili alilipika lile paja kwa viungo vya kawaida, chumvi na pilipili manga na kitunguu. Alikata kipande, akakitia mdomoni, akakitafuna muda mrefu. Hakikushuka. Paja lote alimpa jirani, naye jirani alilisifu wiki nzima.

Wengi walidhani atairudisha bunduki, au atanunua kubwa zaidi. Ensio alimwuliza waziwazi kama sasa amekubali habari ya risasi kubwa. Taimi alisema amekubali kwamba ni mjinga, ila sita na nusu haikuwa na kosa. Ilikwenda palepale alipoielekeza. Kisha, kwenye mkutano wa mwisho wa msimu, akasimama tena mlangoni na aproni yake.

"Mwaka kesho sikati tena peke yangu," alisema. "Anayempiga hirvi ndiye anayemfungua, na anabaki hadi kipande cha mwisho. Mimi nitasimama pembeni nionyeshe. Sijali bunduki ya nani ina kipimo gani. Kila mtu atatia mkono kwenye tundu lake mwenyewe."

"Wengine hatujui kukata," alisema Kalervo.

"Kufyatua hamjui pia, na mnafyatua. Hata mimi."

Hilo lilipita kwa kura nane dhidi ya sita. Ensio alipiga kura ya kukataa, halafu akaliandika kwenye kanuni kwa mwandiko wake mzuri.

Mwaka uliofuata Taimi alipiga ndama mmoja, kwa risasi moja, pale panapostahili. Ndama alikimbia hatua themanini akaanguka. Ncha ya bega iliharibika, kilo mbili hivi, naye akazikata na kuzitupa bila kusema neno.

Kalervo alipiga wawili. Wa kwanza alimfungua akiwa amevaa glavu za mpira hadi kwenye kwapa, na alipolifikia bega alitoka nje mara mbili, na mara ya pili wote walimsikia akitapika. Hakuna aliyecheka, harufu ilikuwa imewakaba wote. Kabla ya Krismasi aliiuza tatu-tatu-nane. Akanunua sita na nusu, mpya, yenye kitako cha mti wa jozi na darubini ya bei mbaya, na kwa kuwa haikumpiga teke aliacha kufumba macho, na kwa kuwa aliacha kufumba macho nyama yake ikaanza kufika bandani ikiwa nyama.

Taimi angepaswa kufurahi, na kwa upande wa nyama alifurahi. Lakini vuli ya baada ya hapo kundi lilipokea wanachama wapya wawili, mtu na mkewe kutoka mji wa Kajaani. Siku ya kwanza Taimi alikuwa ameuinamia mgongo wa hirvi wake akitenga sarara, akamsikia Kalervo nje akiwaambia wachague bunduki gani.

"Msidanganywe na wapenda nguvu," Kalervo alikuwa akisema. "Mimi siku zote nimesema: risasi nyembamba, mahali sahihi. Hirvi si sungura, lakini si ukuta pia. Mnajua swali gani huwa nawauliza wauzaji dukani? Nawauliza, bega linabaki vipi?"

Yule mke wa mwanachama mpya alisema hajawahi kusikia mtu akilifikiria jambo hilo namna hiyo.

Taimi alifunga mlango kwa mguu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na damu, akaendelea kukata.